Tangazo la Dawa ya Magoti

Salvina wa Kibosho ana miaka sitini na mitatu kwenye kitambulisho, lakini kichwani mwake hajavuka arobaini na mbili. Ukimwita bibi barabarani, hageuki. Tangu mumewe afariki, kahawa anaipogolea mwenyewe na zizi analipigia misumari mwenyewe. Simu ilipomwonyesha tangazo la buti za "wanaume wa kazi", aliona kabisa anaitwa yeye. Akateremka Moshi mjini, akazinunua.

Basi pata picha ya hasira yake asubuhi simu ilipomletea tangazo la dawa ya magoti, lenye picha ya kikongwe mwenye mkongojo: "Bibi, magoti yamechoka? Pumzika, waachie vijana." Kesho yake tena. Keshokutwa yake, mara tatu kabla ya chai.

Simu haina macho, aliwaza. Kuna mtu kaiambia. Na nani kama si Violet, mke wa Jovin, kitinda mimba wake? Kihamba chote, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, kwa desturi ni cha kitinda mimba. Jovin yuko mlimani na watalii. Mkewe ndiye anayemtengenezea njia. Ataanza kwa kumzeesha mama mkwe, atamalizia kwa kumkalisha jikoni. Na mbona kila jioni anaiazima simu? Salvina akaanza kulala nayo chini ya mto.

Jumamosi alimsubiri mlangoni pa zizi.

"Violet, nani kakuambia mimi nimechoka?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Simu yangu inasema! Kama unakitaka kihamba, nitamkie hapa hapa!"

Violet aliutua mzigo wa majani ya ng'ombe aliopanda nao kutoka tambarare. Kunyooka akashindwa, mpaka aliposhika nguzo.

"Ile dawa niliitafuta mimi kwenye simu yako, mama. Simu yangu haina bando. Magoti ni yangu."

Ana miaka ishirini na tisa. Salvina alijaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe alibeba majani mara ya mwisho. Ilikuwa kabla ya harusi ya Jovin, miaka sita iliyopita. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Ujana wote ule aliojivunia, kumbe kuna mtu aliyekuwa akiubeba mgongoni.

Akaenda mpakani mwa shamba, akakata jani la isale. Mchagga akiletewa isale hana budi kusamehe, na Salvina hakuwahi kusikia mama mkwe akimpelekea mke wa mwanawe. Alilishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

Violet akarudi nyuma hatua moja, machozi yakimtoka.

"Usinipe leo, mama. Nikilipokea itabidi nisamehe, na bado nina hasira."