Daftari la Mwanamke wa Miguu ya Punda

Kila Jumapili, siku yangu ya kupumzika, nilitoka Mirdif nilikokuwa yaya nikaenda Bur Dubai kwenye kozi ya hadithi za kale za majini na mazimwi wa nchi za Waarabu. Ndugu zangu Tanga walinicheka: nimevuka bahari kutafuta riziki, naishia kusoma vitisho. Waache wacheke. Niliipenda kozi ile kuliko mshahara.

Kazi ya mwisho, ambayo bila hiyo hupati cheti, ilikuwa kuandika juu ya zimwi la hapahapa Dubai. Nilimchagua yule mwanamke mzuri anayenukia manukato, mwenye miguu ya punda, anayewaponza wanaume wakware. Nikamchora, na pembeni nikanakili hirizi ya visanduku na tarakimu kutoka kitabu cha zamani. Miezi mitatu nilihangaika na daftari lile.

Asubuhi moja nililikuta limehama. Nilikuwa nimeliacha chini ya mto wa kulalia. Sasa lilikuwa juu yake, limefunguliwa penye mchoro na hirizi.

Mfanyakazi wa ndani yeyote anajua: ukikutwa na maandishi kama yale katika nyumba yenye mtoto mchanga, utaitwa mchawi kabla hujafungua kinywa. Polisi, kisha ndege ya kurudishwa kwenu, tena ukiwa na bahati. Nani angemsikiliza yaya akisema ni masomo? Sebuleni madam, bosi wangu, alikuwa kwenye simu na mama yake, Kiarabu cha haraka, nami nikaambulia jina langu tu.

Nikakimbilia chumba cha kufulia. Nikalichana daftari ukurasa kwa ukurasa, nikalitosa kwenye ndoo ya jiki. Wino ulipoanza kutoka nililia, halafu nikajikasirikia kwa kulia.

Madam akatokea mlangoni. "Daftari liko wapi? Nimemtumia mama picha. Hadithi hiyo alisimuliwa na bibi yake, anasema miguu umeikosea. Anakuja leo akueleze. Yalla, lilete."

Niliitazama ndoo. Naye akaitazama. Karatasi zilikuwa zinaelea, nyeupe.

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo, madam."

Akaibeba ndoo mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaenda kuimwaga.

Alasiri mama yake alikaa jikoni akanisimulia tangu mwanzo, kwa Kiarabu cha polepole, nami nikaandika kwenye karatasi alizonipa madam. Kila mara madam alipopita nyuma ya kiti changu, niliufunika ukurasa kwa kiganja.