Shamba Lililofagiwa

Mama yangu alifagia kila alipokanyaga. Mahajanga, mji wa bandari wa Wamalagasi tulikoishi mpaka mwishoni mwa miaka ya sabini, ua wetu ulikuwa mchanga mtupu, na kila asubuhi kabla ya chai aliuchora mistari kwa ufagio wa chelewa, imenyooka hivi kwamba kuku akipita ulijua katoka wapi na anakwenda wapi. Wanawake wote wa mtaani kwetu, watu wa asili ya Ngazija kama sisi, walikuwa hivyo. Jani moja uani lilitosha kumvunjia mtu heshima. Usafi ni katika imani, alisema mama, na mimi niliyekuwa natumwa kuliokota jani hilo nilitamani imani ipungue kidogo.

Nyumba ilikuwa yetu, ardhi haikuwa yetu. Baba, mchukuzi wa bandarini, aliijenga kwa mbao na mabati juu ya kiwanja cha kukodi. Ulipofika mwaka wa watu wa asili yetu kushambuliwa na kufungasha, wengi walivuka bahari kurudi Ngazija. Sisi tulipanda lori kwenda kaskazini, tukavuka kwa mashua kutoka gati la Antsahampano hadi kisiwa cha Nosy Be, kwa shangazi yake baba. Mwenye kiwanja hakuturudishia hata bati moja. Ndani ya lori mama hakulia. Alisema mara moja tu, kwa Kikomoro chetu cha nyumbani, "Sitakaa tena juu ya udongo wa mtu." Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani ni hasira zitakazopoa tukifika.

Hazikupoa. Tulipanga chumba kijijini, na jirani yetu, bibi mmoja wa Kisakalava, mwenyeji wa kisiwa, akamwonyesha mama kichaka chake kando ya barabara ya ufukweni, akamwambia akifyeke alime, kiwe cha kwake. Mgongo wa baba ulikuwa umekwisha kwa magunia, kwa hiyo jembe lilishikwa na mama, ambaye hakuwahi kulishika. Alianza na mihogo. Kisha bibi akamletea miche ya milangilangi, ile miti ambayo maua yake huchemshwa kiwandani kutoa mafuta ya manukato. Akamfundisha kukata vilele na kuinamisha matawi, maana mlangilangi ukiachwa hupanda juu, ukakuachia harufu tu. Tulichuma kabla jua halijawaka, mimi na mama, matawi yakitufika kifuani. Miaka ikapita, nami nikawa msichana wa miaka kumi na saba, shuleni nikisoma Kifaransa cha kutosha.

Ndipo ikasikika kwamba afisa wa ardhi atapita. Akija na mkuu wa kijiji na majirani, akaona ardhi inalimwa, mlimaji hupewa karatasi ya jina lake. Akiona hailimwi, upande ule wa barabara utahesabiwa viwanja, na kiwanja hupewa mwenye uwezo wa kujenga. Mwenye uwezo alikuwepo tayari, bwana mmoja aliyetaka kujenga vyumba vya watalii. Tulikuwa na asubuhi moja tu ya kumwonyesha afisa kazi ya miaka minane.

Mama akajiandaa kumpokea mgeni kwa namna aliyoijua. Siku tatu tulifanya kazi kama punda. Tuling'oa nyasi zote, tukazoa majani yaliyokuwa yakioza chini ya miti, tukayachoma. Mihogo ilikuwa imeanza kupukutika majani, akasema inatia aibu, tukaing'oa yote. Mwisho akatoa ufagio wa chelewa, akaifagia ekari nzima, mistari imenyooka kama ya Mahajanga. Bibi jirani alipokuja jioni kutazama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu," akamwambia mama, "hapa anaolewa nani?"

Mama alinuna. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijibu, akaenda kuloweka mchele wa vitumbua.

Afisa alikuja na viatu vinavyong'aa, akaondoka navyo vinang'aa. Alikuwa mgeni kisiwani, katokea bara, na milangilangi yetu tulikuwa tumetoka kuikata, haina ua hata moja. Alikaa juu ya mkeka, akanywa vikombe viwili vya chai, akasema kwa Kimalagasi, "Una ua mzuri sana, mama." Mama akashukuru. Mkuu wa kijiji alikuwa na kitumbua mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya afisa na birika, nikasoma alichoandika kwa Kifaransa: kiwanja chenye miti ya mapambo, hakilimwi.

Nikanyamaza. Nililelewa kwamba mgeni anayekula kwako hasahihishwi, na binti wa miaka kumi na saba ndiye wa mwisho kumsahihisha. Naandika haya nikiwa mtu mzima na bado naona haya. Gari lake lilipotoweka ndipo nikamwambia mama. Alikaa palepale juu ya mkeka, akiitazama ile mistari yake.

"Maji yakimwagika hayazoleki," bibi jirani alisema, safari hii bila kucheka.

"Hayo maji," mama akajibu. "Huu ni wino. Aliyeandika ataandika tena."

Kila Jumatatu, kwa miezi, alikwenda ofisini mjini Hell-Ville kukaa kwenye benchi. Nilikwenda naye kumsemea Kifaransa, nikijua ninalipia nini. Tuliambiwa faili limefungwa, tuliambiwa afisa kasafiri, tuliambiwa turudi. Tulirudi. Milangilangi ilipochanua alikwenda na kanga imejaa maua, akaifungua juu ya meza ya afisa, ofisi nzima ikanukia.

"Haya ndiyo mapambo yangu," akamwambia. "Kiwandani wanayapima kwa kilo."

Afisa akaja mara ya pili, masika. Hapakuwa na mkeka wala chai. Mihogo mipya ilikuwa imesimama kwenye matuta, majani yameoza yamelowa, na mama yu peku, jembe mkononi, tope mpaka magotini. Afisa alisita pembeni.

"Vua viatu," mama alimwambia. "Hapa panapitwa kwa miguu mitupu."

Alivua. Kwenye tuta la tatu akateleza, na mama, aliyekuwa karibu kabisa, hakuharakisha kumpa mkono. Walipofika mwisho mama akamwambia, "Sasa andika." Akaandika shamba, na jina la mama. Nilisoma mara mbili, kwa sauti.

Baadaye niliolewa, nikarudi Mahajanga. Kila nilipopita Belobaka, pembeni mwa mji, niliona mashamba ya mihogo yakigeuka matofali, ukuta baada ya ukuta, na kina mama wakifagia nyua mpya. Nosy Be nako hoteli zilipanda pande zote mbili za shamba letu. Mama aliulizwa bei mara nyingi. Hakuwahi kuitaja, na ufagio hakuuingiza shambani tena.

Alipofariki, chumba chetu kilikuwa kidogo, tukaamua hitima isomwe shambani. Shangazi zangu walifika kutoka Mahajanga, kila mmoja na ufagio, kama ilivyo wajibu wa msiba. Wakainama kuanza.

"Acheni," nikasema.

"Mwanangu, watu watasema mama yako kafa kwake kuchafu."

"Waseme, shangazi."

Nilikuwa nalia, lakini nilizikusanya zile fagio moja moja, nikazifungia ndani ya kibanda cha majembe. Mikeka ikatandikwa juu ya majani, na kanzu nyeupe zikaondoka na madoa. Miongoni mwa waliokuja kutoa rambirambi alikuwa bwana wa hoteli ya upande wa kulia. Alingoja watu wapungue, akanisogelea kwa adabu, akaniuliza nimepanga nini juu ya kiwanja hiki.

Nilitazama viatu vyake. Nikamwambia avivue, tupite kwanza kwenye mihogo.