Nilivyomzika Mzee wa Rongai kwa Simu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa shule nikalee mdogo wangu. Lakini majina nilitoka nayo. Mtu akinitajia jina lake mara moja, hata kama ni kwenye foleni ya kusaga mahindi, limeingia, na la mama yake pia kama amelitaja. Hapa sitaandika jina la mtu yeyote. Ninayo yote, lakini wenyewe wako hai, isipokuwa wachache, na hao wachache wameacha watoto wakali.

Ule mtandao mkubwa niliingizwa na mjukuu wangu wa kike, fundi wa kushona nguo mjini. Alinionyesha mahali pa kubonyeza, akadhani nitatazama picha za harusi kidogo halafu nilale. Alikuwa amempa mlevi ufunguo wa baa. Mwaka wa pili nilikuwa na marafiki elfu nne na kitu, na shida ni kwamba niliwajua. Watu wengine marafiki wa huko wanawapitia tu kwa macho. Mimi nilijua nani amehama Njoro, nani ameshonwa mguu, mtoto wa nani amerudia darasa. Kila asubuhi nilianza kusalimia. Huyu namtakia heri ya kuzaliwa, yule namuuliza goti, na uji unaungua. Siku moja sokoni nikaona mama mmoja anachagua mboga za sukuma, nikamwita kwa jina, nikamuuliza kama mume wake aliacha kukoroma baada ya ile dawa. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Aliacha sukuma pale mezani akaenda, tena haraka.

Lakini kilichonitoa huko ni mzee wa Rongai.

Huyu mzee ni mume wa jirani yangu. Namwita jirani mpaka leo, ingawa wao walihamia Rongai zamani wakapata shamba la mahindi, na mimi nikaja mtaa huu wa Rhonda. Ujirani wetu ni wa Bondeni, zile nyumba za kaunsili ya mji. Ukuta ulikuwa mmoja katikati yetu, mwembamba hivi kwamba akisonga ugali kwake mimi najua kama umeshika chini. Tulizaa pamoja, tukachota maji kwa mfereji mmoja wa bomba, tukagombana na kupatana kabla ndoo haijajaa.

Basi asubuhi moja nafungua simu, namwona mzee. Koti jeusi, tai, picha haina rangi, maua pembeni, na mshumaa unawaka hapo chini. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na miwani ilikuwa chumbani, lakini mtu wa Nakuru hahitaji miwani kwa picha ya namna hiyo. Kwetu mzee akivalishwa koti, akawekewa maua, akatolewa rangi, hiyo ni picha ya kubandikwa kwenye kioo cha gari la maiti. Nililia hapo jikoni. Halafu nikaandika. Niliandika kwamba mzee wetu ametuacha, nikawataja watoto wote saba kwa majina, na wakwe, na kanisa lao, na njia ya kufika: ukiiacha barabara ya Eldoret unapinda kwa kinu, unahesabu mageti matatu.

Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Binti yake wa Nairobi ndiye aliyeitengeneza ile picha, akaona bila rangi ni maridadi zaidi. Mshumaa ulikuwa wa keki.

Sasa watu wetu wakisikia msiba hawaulizi mara mbili. Kufikia saa nne wanawake walikuwa wameingia kwa jirani na kuni, unga na kabichi, na wanaume wamebeba hema na viti vya kanisa. Jirani alikuwa anaanika nguo. Walimkumbatia hata kabla hajaweka kibanio chini, na kila akisema mzee yuko kwa kinyozi, wanalia zaidi, wanasema uchungu umempanda kichwani. Mzee kweli alikuwa kwa kinyozi. Alirudi akakuta wanaume watatu ndani ya shamba lake wanapima kwa hatua mahali pa kaburi, wakibishana kama kichwa kielekee barabarani ama mtoni. Wanasema alisimama nyuma yao akasikiliza, kisha akawaambia upande huo una mizizi ya parachichi, watachimba mpaka kesho kutwa. Mmoja alikaa chini kwenye majani na hakuinuka haraka.

Mzee mwenyewe hakukasirika. Kuni zilibaki, wakapikia miezi. Tena alipata kujua nani alikuja kumzika na nani hakuja, jambo ambalo wengi wetu hatutalijua. Wasiokuja aliwaandikia orodha. Kuna shemeji yake mpaka leo hasalimiwi.

Aliyekasirika ni jirani. Nilikuwa nimeandika tena haraka kwamba mzee yuko hai, ni mimi niliyekosea, nisameheni. Hayo hayakusomwa na mtu. Ya kifo yalikuwa yameshatembea. Bwana mmoja wa mbali, ambaye hajawahi kukanyaga Rongai, akauliza mtu mzima anakufaje na kufufuka siku moja kama hakuna kitu alilishwa. Mwingine akasema hapo kuna mambo ya shamba. Kabla ya jioni, kwa midomo yao, jirani yangu alikuwa amemtilia mume wake sumu kwenye chai, ikashindwa. Na Jumapili kanisani, wanawake walipoleta chai kama kawaida yao, birika la jirani lilirudi nyumbani limejaa.

Mjukuu alifuta yale niliyoandika, lakini maneno yalikuwa yamehamia kwa wengine, na huko hatukuwa na ufunguo. Nikamwambia anitoe kabisa.

Akaniuliza, "Shosho, na marafiki wako wote?"

Nikamwambia nitawasalimia nikikutana nao sokoni.

Wiki za kwanza nilikuwa kama mtu aliyeachishwa kazi. Uji haukuungua tena, ukaiva mapema, nikakosa la kufanya saa mbili nzima. Niliwasalimia kuku. Nilisimama getini kumngoja mtu yeyote apite, na watu wa Rhonda wakianza kukuona getini kila siku wanapitia njia nyingine. Mjukuu akanihurumia, akanitia kwenye vikundi vidogo vya simu. Kimoja cha akina mama wa kanisa, ambacho ni maombi asubuhi na picha za maua jioni. Kingine cha wafugaji wa kuku wa huku kwetu. Hicho cha kuku nilikipenda. Kwa kuwa kuandika kunanichosha, nilituma sauti: nikamsalimia kila mmoja kwa jina lake na la mama yake, nikawauliza kuku wao, nikapata dakika kumi na mbili. Mwenye kikundi akanijibu kwa heshima kwamba mathe, kuna mtu ana kuku anakufa hapa na hajapata nafasi ya kusema.

Lakini kikundi nilichokitaka ni kimoja tu, kile cha wanawake wa mfereji. Wote ni wale tuliochota maji pamoja Bondeni. Tuliobaki tuko kumi na mmoja. Wanapashana habari, wanakumbushana mambo, wanasengenya wake wa watoto wao kwa utaratibu mzuri. Na mkuu wa kikundi, mwenye kuingiza na kutoa, ni jirani.

Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, alikuwa amepewa ukuu mdogo humo. Akaniingiza. Jirani akanitoa. Wifi akaniingiza tena, nikapata muda wa kuandika "Hamjambo", nikatolewa. Mara nne mchana mmoja. Simu ilikuwa inalia kama mlango uliosahauliwa kwenye upepo. Mara ya tano jirani alimtoa wifi. Wifi akanipigia akiwa mkali, akasema nikapatane na huyo mtu wangu upesi, kwa sababu sasa hata yeye yuko nje, na kuna mama humo alikuwa anaanza kueleza kwa nini mtoto wake amerudisha mke kwao.

Nikapiga simu Rongai. Mzee akapokea. Nilisikia sauti ya jirani nyuma ikisema, "Mwambie sipo," na mzee akaniambia, "Anasema hayupo."

Nikaona hakuna njia ila kwenda. Sikuwa na hofu ya kukosa kikundi tu. Katika umri wangu, mtu aliyekujua ukiwa na meno yote hapatikani mwingine. Nilifunga sukari na majani chai. Nimeshafika Rongai ndipo nikafikiria hayo majani chai ataona ninamfanyia mzaha, nikayasukuma chini kabisa ya mkoba na kuyafunika kwa leso.

Mzee ndiye aliyenifungulia geti. "Karibu, mama," akasema. "Umekuja kuona kaburi?"

Alinikalisha, akaita jikoni. Jirani akaja na birika na kikombe kimoja. Akamimina, akaniwekea mbele, akasimama hapo hapo na mikono kiunoni. Nikanywa.

"Huogopi?" akaniuliza.

"Niongeze," nikasema.

Akaniongeza bila kucheka. Nilikunywa vitatu, na kila kikombe moto kama makaa, kwa sababu nilitaka aone sisubiri. Halafu nikaanza maneno niliyoyapanga. Nikamwomba msamaha kwa ile sumu, kwa lile birika la kanisani, kwa wale wajinga wa mbali. Hakuniacha nimalize.

"Hayo ya sumu nimewaachia wenyewe," akasema. "Wewe uliandika mume wangu amekufa. Kwa kichwa chako, siku hiyo mimi nilikuwa mjane. Watu walitoka Subukia, wakatoka Molo, wengine hata siwajui. Mimi nilikuwa naangalia getini, mmoja mmoja anavyoingia. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa jikoni kwangu Rhonda. Watu walikuwa wananiambia pole, wengi, na mimi nilikuwa namjibu kila mmoja kwa jina.

"Nilikuwa najibu," nikasema.

"Ulikuwa unajibu."

Mzee alikuwa anakula kiazi kitamu pembeni. Akakiweka chini. "Hata kwa orodha yangu uko," akaniambia, kwa upole. "Nilikuwa nimenyamaza tu."

Nilitaka kusema mguu ulikuwa unauma, lakini mguu ni huo huo ulionileta siku hiyo. Nikakaa na kikombe kitupu. Na kwa vile sikuwa na kingine, mdomo ukatoa jina. Wale watoto saba niliowataja kwenye simu ni walio hai. Kulikuwa na mwingine, wa pili kuzaliwa, pale Bondeni, aliyeishi siku kumi na moja. Hakupigwa picha. Ndugu zake wengine hawajui alikuwepo. Nilitaja jina lake, lile alilorithi kwa nyanya yake.

"Huyo nilimjia," nikasema.

Jirani aliliweka birika chini. Alivuta kiti, akakaa.

"Hata sikuwa nimekuita," akasema.

"Ulilia upande wa ukuta wangu."

"Ulikuja bila viatu."

Mzee akainuka, akasema ng'ombe anamwita. Ng'ombe alikuwa kimya. Tukabaki wawili. Akaniomba nilirudie lile jina, nikarudia. Akasema miaka yote hiyo alikuwa amebaki akilisema mwenyewe, mpaka akaanza kushuku kama analisema sawasawa. Nikamwambia anakosea mwishoni kidogo. Tukabishana. Alikuwa mama yake, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimepatia, na baadaye alikubali.

Halafu akachukua simu yake, akavaa miwani, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja kama anayeua sisimizi.

"Nakurudisha," akasema. "Lakini siku nyingine ukisikia nimefiwa, uje. Wa kuandika wako wengi."

Wifi naye akarudishwa. Hakusema asante kwa mtu. Alichouliza ni yule mke aliyerudishwa kwao, wamefikia wapi.

Mwezi haujaisha, simu ikalia asubuhi. Mmoja wetu wa mfereji, aliyebaki Bondeni peke yake, alikuwa ameteleza bafuni jana yake akavunja mkono. Wenzangu wakaanza kuandika pole, na mikono ya kuomba, na mshumaa, ambao nilimwambia aliyeuweka autoe. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza. Nilikuwa nimefika "Pole sana dada yetu mpe", nikaacha hapo hapo, nikaifungia simu kabatini, nikatafuta viatu.

Rhonda mpaka Bondeni si mbali. Nilikwenda nimejivuna, nikihesabu nitakuwa wa kwanza, na jinsi nitakavyokaa pale kitandani wengine wanapoingia. Mlango ulikuwa wazi. Mgonjwa alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji nyeupe, na kando yake, kwenye kigoda, na sufuria katikati ya miguu, alikuwa jirani. Kutoka Rongai kote huko. Viazi alikuwa amemenya nusu.

"Umechelewa," akasema, wala hakuinua macho. "Kisu kingine kiko pale. Kaa umenye."