Makuti ya Kumfikisha Mama Mkwe Majini

Kumfikisha mama mkwe baharini kulinigharimu shilingi laki moja na elfu themanini na tatu. Nimejumlisha mara mbili. Mbuzi hayumo, huyo bado tunabishana.

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa Songea. Tangu apate kiharusi anatumia kiti cha magurudumu, na alipokuja Mtwara kutusalimia alisema ana haja moja tu: aingize miguu baharini. Amefundisha jiografia maisha yake yote, kachora bahari ubaoni sijui mara ngapi, lakini maji yenyewe hajawahi kuyagusa. Angekuwa mtu mwingine ningembeba, tukamaliza siku hiyohiyo. Lakini kwao, na kwetu vilevile, mwanaume hamgusi mama mkwe hata mkono; akimgusa analipa faini. Salamu tunapeana kwa mbali, kama watu wanaodaiana. Mke wangu anaweza kumsaidia kusimama na kukaa, kumbeba hawezi, maana mama ana mwili. Kwa hiyo kiti chenyewe kilipaswa kufika majini.

Nikaanza kutafuta ufukwe. Mimi ni dalali wa viwanja. Maneno kama "hapo tu" na "unashuka kidogo" nimewauzia watu miaka mingi, sasa nikawa nauziwa mimi. Shangani mlinzi wa nyumba moja ya wageni aliniambia kuna ngazi mbili tatu. Nilizihesabu kushuka, kumi na moja. Nikazihesabu kupanda, kumi na moja. Kwingine hakukuwa na ngazi, kulikuwa na mawe. Mwisho nikaenda Msimbati, kule mbele ya Madimba, nikakuta mchanga mgumu umetandazwa mpaka majini, pikipiki zinapita juu yake. Nikaukanyaga, nikaurukia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikapanga turudi Jumamosi inayofuata, saa nne ileile, kwa gari la mdogo wangu, kwa sababu ya bei.

Jumamosi tukafika, uwanja wangu haupo. Maji yamejaa, yameumeza mchanga mgumu wote, kati yetu na bahari umebaki mchanga mkavu, laini kama unga wa muhogo. Kiti kiliposhushwa, magurudumu yalizama. Nikamtazama mdogo wangu ili ambebe, ndipo nikakumbuka kwamba naye ni mkwe. Dereva wa kukodi angembeba bila neno. Huo ndio unafuu nilioupata.

Pembeni alikuwepo mama mmoja anashona makuti. Akaniambia kwa upole kwamba wiki ile iliyopita, saa zile, maji yalikuwa yamekupwa. Wiki hii saa zilezile yamejaa, yatatoka jioni. Akashangaa sikuuliza. Nilikuwa nimeuliza bei ya kila kitu, na bahari haina bei. Jioni gari lilikuwa na mteja mwingine, na kesho yake alfajiri mama alikuwa na basi.

"Basi nimeiona," mama mkwe alisema. "Kuiona nako ni kitu." Alisema akitazama magoti yake.

Nikarudi kwa yule mama wa makuti.

"Unaezeka nini huku?" akaniuliza.

"Naezeka mchanga."

Nikaomba kukodi. Akasema makuti hayakodishwi. Kuti likishakanyagwa, nani ataliweka juu ya kichwa chake? Tulivutana mpaka tukakubaliana nilipe yote, na yatakayorudi mazima anirudishie nusu. Tukayatandika mawili mawili mbele ya kiti, mke wangu anasukuma, mimi na mdogo wangu tunayatoa nyuma na kuyaleta mbele, kama tunampokea mheshimiwa. Kazi ya mama mkwe ilikuwa kutuamuru tunyooshe mstari.

Maji yakamfika vifundoni. Alichovya kidole, akakilamba. "Kumbe chumvi yake ni kali hivi," akasema. "Na mimi nilikuwa nawachapa watoto wakishindwa kuieleza."

Hapo wimbi likavuta kuti lililokuwa chini ya gurudumu. Kiti kikainama, mke wangu akateleza, na mimi, kabla akili haijafika, nilikuwa nimemkumbatia mama mkwe kwa mikono miwili. Mdogo wangu aligeuka akaangalia upande wa Madimba.

"Mkwe," mama akasema karibu kabisa na sikio langu, "umenishika."

"Nimekushika, mama."

"Basi hapo ni mbuzi."

"Sawa, mama."

Akafikiri kidogo. "Kwa kuwa mbuzi keshaingia, nipeleke mbele. Yafike magotini."

Nikampeleka. Alikuwa akicheka kama mtu anayetekenywa, na mke wangu alikaa palepale majini akilia na kucheka kwa pamoja.

Sasa amerudi kwao, na kila Ijumaa anapiga simu kuulizia mbuzi. Wiki hii anadai wawili: wa kwanza wa kumshika, wa pili wa kumpeleka mbele. Mimi nasema wa kwanza alipwe na wimbi, na wa pili alimwagiza mwenyewe. Nyinyi mnaojua mambo ya wakwe, nishaurini: mbuzi ni mmoja au wawili? Na bei ni ya Mtwara au ya Songea? Nimeshauliza kote, mara mbili mbili.