Video za Kulalia

Upepo wa Dodoma hauna adabu. Nalisema hili mapema, maana yote yaliyonipata juu ya paa lile yalianzia hapo. Ukirekodi chochote kwa simu kuanzia saa kumi jioni, utakachopata ni mvumo mtupu, kama vile mtu anapuliza jiko la mkaa sikioni mwako. Video ya kwanza niliyomtumia mke wangu ilikuwa hivyo. Vilima vya mawe, mabati yanang'aa, jua linashuka, upepo unavuma. Katikati nikakohoa vumbi. Halafu nikasikika nikimfokea mbuzi wa jirani aliyekuwa chini anatafuna suruali yangu kwenye kamba: "We mbuzi! We! Hiyo ndiyo ya ofisini!" Nikaituma vilevile. Nilikuwa na wiki tatu tu mjini, na nilitaka aone ninakokaa.

Baadaye niliona aibu. Nikajiuliza, mwanamke gani mwenye akili zake atahama Dar es Salaam kwa video ya mbuzi?

Mimi ni mtu wa masjala. Serikali ilipohamia Dodoma ofisi yetu nayo ikahama, na sisi wa mafaili ndio tuliotangulia, kwa sababu bosi hawezi kufanya kazi bila majalada. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye hakuhamishwa na mtu. Ili aje ilibidi aombe mwenyewe uhamisho wa kumfuata mwenza, na kwa hilo kuna fomu, viambatisho na mihuri ya huku na ya kule. Fomu za namna hiyo zinapita mezani kwangu kila wiki, za watumishi wengine na wake zao na waume zao, kwa hiyo usinifundishe. Nilimjazia yote. Nikamtafutia shule huku, mwalimu mkuu akakubali kumpokea, nikapiga nakala ya cheti cha ndoa. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, saini yake, ukurasa wa pili, chini kulia. Nikaituma fomu kwa basi.

"Nitasaini," akaniambia kwenye simu. "Acha nimalize mitihani." Mitihani ikaisha. "Acha mtoto amalize muhula." Binti yetu akamaliza muhula. Siku moja akauliza, kwa sauti ya mtu anayechagua nyanya, "Hivi huko maji yapo?" Hapo nikajua, au nilidhani nimejua, kwamba anaiogopa Dodoma. Watu wa Dar wana maneno yao kuhusu mji huu, kwamba ni jangwa, kwamba ni vumbi, kwamba maji ni ya chumvi. Nikaamua kumbadilisha mawazo.

Nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo halijaisha. Mwenye nyumba ni mzee wa Kihindi, ana duka la vifaa vya ujenzi hapo chini, kazaliwa hapahapa Dodoma na Kigogo anakimudu kuliko mimi na ofisi yangu nzima. Juu ya paa nondo zilikuwa bado zimesimama zikingoja ghorofa ya tano, ambayo mzee alisema itajengwa Mungu akipenda. Nilipandisha kiti cha plastiki kati ya zile nondo, na kila jioni nikitoka kazini nikawa nakaa hapo na simu.

Mtandaoni kuna video za kupumzishia akili, nadhani unazijua. Mji unaonekana kwa juu, giza linaingia pole pole, taa zinawaka moja moja, na nyuma yake jazi laini: saksofoni, piano, ngoma inayokwanguliwa kwa brashi. Hakuna anayeongea. Mwenzangu mmoja wa masjala huwa anaziweka akipanga majalada, na ndipo nilipopata wazo. Nikajifunza. Naurekodi mji, naifuta sauti yote pamoja na ule upepo mshenzi, naweka saksofoni ya bure kutoka mtandaoni. Nilijua dakika ambazo vumbi linageuka rangi ya asali. Nilijua upande wa kuelekeza simu ili taa za chuo kikuu kule Chimwaga ziingie, na upande wa kuukwepa, ule ambao watu wanapanga madumu wakisubiri boza la maji. Gari la majitaka likipita, nasitisha. Mvua zilipokuja vilima vikawa kijani kwa majuma machache, nikarekodi kama mwendawazimu. Sikutaka akutane na kitu hata kimoja cha kumtisha.

"Nzuri," akawa anajibu. "Inatuliza sana."

Nilifurahi, jamani. Mtu mzima nashuka ngazi napiga mluzi kwa sababu ya neno moja kwenye simu. Nikipiga, swali langu la kwanza likawa ni lilelile: "Umeiona ya leo?" Ameiona. Basi tunaongea ada, viatu vya mtoto, mama yake anaendeleaje, tunakata. Hivyo hivyo mwaka ukaisha, na mwingine ukaingia.

Mzee alikuwa ananitania kila nikipita dukani. "Shikamoo mzee," nasema. "Marahaba. Bwana, huu mji unaupamba kama bibi harusi. Mbona ndoa haifungwi?" Nacheka, napanda juu. Kazini nikawa napokea fomu za wenzangu zikiwa na saini zote mbili. Nazigonga muhuri, naziandikisha, nazipeleka mbele, roho inaniuma kimya kimya. Wivu ni kitu kibaya, ila nilikuwa nao na sitaficha.

Mwezi Septemba, likizo fupi ya katikati ya muhula, akasema anakuja na mtoto. Kwa treni, wakae siku tatu. Haki ya nani nilidhani nitaruka. Nilifagia lile paa mara mbili. Nikaazima viti viwili vya dukani kwa mzee. Nikanunua zabibu za Makutupora, nikaziosha kwa maji ya chupa, nikaziweka kwenye bakuli na kuzifunika sahani. Nikachaji spika yangu ndogo. Mpango ulikuwa kwamba jua likianza kushuka nitawasha saksofoni, ataona yale yote kwa macho yake na muziki wake, na fomu atasaini hapohapo. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni, nyeusi, maana fomu za serikali hazitaki ya rangi nyingine.

Mtoto ndiye aliyetangulia kufika juu. Akasimama, akatazama vilima, akatazama mabati, akageuka. "Mama! Kumbe ndipo hapa, kwenye video za kulalia!"

"Za kulalia?" nikauliza.

"Huwa namwekea akigoma kulala," mke wangu akasema huku akishika mtandio usipeperushwe. "Dakika mbili tu, kalala. Hajawahi kuona jua likizama hata siku moja."

Nikacheka. Nilidhani ni habari njema. Nikawasha spika, na upepo wa Septemba ukaichukua ile saksofoni yote ukaondoka nayo, hata mimi niliyeishika sikusikia kitu. Zabibu zikajaa mchanga. Mtoto akafumba macho, akajificha nyuma ya mama yake. Ikabidi nimwombe mzee amkalishe dukani kwake, akampa mizani ya misumari achezee.

Tulipobaki wawili, mke wangu akafungua mkoba, akatoa bahasha ya nailoni. Nikaitambua, ni ile niliyoituma kwa basi. Ndani yake fomu ilikuwa imenyooka, safi, haina hata kunjo.

"Nimekurudishia," akasema.

Nikafungua ukurasa wa pili. Chini kulia palikuwa peupe.

"Ni maji?" nikamuuliza. "Nitanunua simtanki. Mzee keshakubali tuliweke hapahapa juu."

"Si maji."

"Ni vumbi basi."

"Vumbi, baba? Mimi mzaliwa wa Shinyanga unanitishia vumbi?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Umesahau nilikokulia?"

Nilikuwa nimesahau. Miaka yote ile namficha vumbi mwanamke aliyekulia vumbini, aliyekuwa anaenda shule peku kwenye upepo kama huuhuu. Alipouliza maji, aliuliza maji tu, kama mtu yeyote anayetaka kujua abebe ndoo ngapi.

"Ile ya kwanza unaikumbuka?" akaendelea. "Ya mbuzi. Tulicheka na mtoto wiki nzima, akawa anakuigiza, 'Hiyo ndiyo ya ofisini!' Nikasema, huyu mwanaume yuko peke yake huko, anakohoa, anagombana na mbuzi, ngoja nimfuate. Fomu ilipofika niliitoa nikaiweka mezani. Nikasema mitihani ikiisha tu. Halafu ukaanza kuniletea saksofoni."

"Nilikuwa nakutengenezea..."

"Najua. Nzuri, sikatai. Lakini ndani yake wewe humo. Husemi umekula nini. Husemi umetukumbuka. Nikipokea simu, 'Umeiona ya leo?' Mwanzoni niliumia. Nilikuwa nazisikiliza mpaka mwisho, nikisema labda leo atakohoa. Baadaye nikazoea." Akazitazama zile nondo. "Sina hasira na wewe. Nimezoea kukaa bila wewe, basi."

Afadhali angenitukana. Nilikasirika, nikapaza sauti, nikamwambia ni kwa ajili ya nani nimekaa kwenye kiti cha plastiki jioni zote zile, na kwamba kuna watu wanapigania fomu hii na yeye kaipamba kwenye nailoni. Alikung'uta mchanga kwenye mtandio wake. Halafu akasema mtoto atakuwa na njaa, tushuke. Akabeba bakuli la zabibu, akaenda kuziosha upya, na tukazila chumbani sote watatu.

Jumapili niliwasindikiza stesheni. Alinishika mkono kwa heshima, kama anavyomshika mkono mjomba wake. Mtoto alinipungia kupitia kioo mpaka treni ikaondoka. Nilirudi kwa miguu, na ni mwendo mrefu. Mzee aliponiona hakunitania. Aliinuka tu, akafuata viti vyake.

Wiki nzima sikupanda juu. Fomu niliipeleka kazini nikaitia kwenye kabati langu, chini ya majalada yaliyofungwa, kwa sababu sijui mahali pengine pa kuweka karatasi. Ilipofika Jumatatu ya pili nikasema liwalo na liwe. Nikapanda, nikashika simu, nikarekodi. Sikukwepa boza, sikukwepa madumu. Nikaongea. Nilikuwa na woga kuliko siku niliyopeleka posa kwao.

"Mama, habari za jioni. Ni mimi. Leo nimekula ugali na mlenda, umeungua kidogo. Yule mbuzi yupo, amezaa. Upepo ni huuhuu mnaousikia. Nimewakumbuka sana, wewe na mtoto. Nilikosea. Nilitaka muone mji, nikasahau kusema na nyinyi. Mje. Au niambie nije mimi, nitaomba likizo, nitaomba hata uhamisho, nipo tayari." Nikakohoa, na safari hii sikukata.

Nikaituma bila kugusa kitu. Alama za buluu zikatokea baada ya dakika chache. Nikakaa kitini nikingoja, simu nimeiweka gotini, jua likazama, taa za Chimwaga zikawaka. Likaingia jibu la sauti. Nikaliweka sikioni kwa mikono miwili ili upepo usininyang'anye.

Ilikuwa sauti ya mtoto, nzito ya usingizi. "Baba, shikamoo. Hii ya leo ina kelele, na wewe unaongea sana. Mama anasema tuma ile ya muziki, nataka kulala."

Nikasubiri kama lingeingia jingine, la mama yake. Halikuingia. Basi nikaifungua ile video, nikaifuta sauti yangu, nikaweka saksofoni, nikatuma.