Kikwembe cha Mama Mkwe Juu ya Samaki wa Bahari

Miaka ya Zaire nilifundisha biolojia katika sekondari moja ya Kamina, na kichwa changu hakikuenea ndani ya kofia. Mwenzangu Mbelgiji, aliyeshika maabara, alipotafuta mtu wa kumtunzia samaki wake kwa miezi miwili ya likizo, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Walikuwa samaki wawili wa bahari, wadogo, wa rangi ya machungwa, walioletwa kwa ndege. Waliishi ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi na pampu ndogo ya hewa. Kamina na bahari wapi na wapi!

"Sitwayeni," aliniambia kwa Kifaransa, yaani raia, kama tulivyoitwa sote enzi zile, "nikikuta samaki wazima na kioo safi, ufunguo wa maabara ni wako."

Mwisho wa mwaka angerudi kwao moja kwa moja, na mimi nilikuwa nimeutamani ufunguo ule kwa miaka minne.

Tangi nililiweka dirishani juani, ili wapita njia wajue wanapita kwa nani. Wageni wakamiminika. Kwetu huwezi kula huku mwingine anakutazama bila kumkaribisha, na samaki nao walikuwa na macho. Kila aliyemega bukari, ugali wetu, aliwarushia kidogo. Mimi pia niliwarushia, tena kwa maringo.

Wiki ya tatu mwani ukaota. Ulianza kama vumbi la kahawia kwenye kioo, kisha zikaja nyuzi za kijani, mpaka samaki hawakuonekana vizuri. Niliukwangua kwa mswaki. Kesho yake ulirudi na ndugu zake. Nilibadilisha maji mpaka chumvi aliyoniachia Mbelgiji ikakaribia kwisha. Asubuhi niliwaeleza wanafunzi, kwa chaki na mishale, kwamba mmea hauwezi kuishi bila mwanga. Mchana nilirudi nyumbani kupigana na mmea ulioota jua. Sikuona uhusiano wowote.

Zilipobaki siku nane Mbelgiji arudi, mke wangu alikwenda matangani Kabondo-Dianda, na mama yake akaja kukaa na watoto. Siku hiyohiyo nilipiga marufuku kulisha samaki, nikidhani makombo ndiyo yanayochafua maji. Mama mkwe hakubishana nami. Kwa buko, yaani heshima ya ukwe, hatukuzungumza uso kwa uso wala kula pamoja. Aliuambia ukuta, nami nikiwa upande wa pili:

"Banyama babili banatuangalia, siye tunakula, na hatubape kitu? Ile iko haya."

Akavua kikwembe chake cha juu, kitenge alichojifunga, akalifunika tangi lote. Kwa kuwa watoto wangu walikula saa zote, hakukiondoa tena.

Mtaniuliza kwa nini sikukifunua. Kikwembe cha mama mkwe! Mkwe wa kiume hakigusi, hata nyumba ikiungua. Niliwatuma watoto, wakanijibu, "Nkambo anakatala," na kwao neno la bibi lilikuwa zito kuliko la mwalimu. Siku tano nilizunguka kitambaa kile kama kuku aliyefungiwa nje. Nilijua samaki wamekufa na ufunguo umekwenda. Nilimchukia yule mama, nasema wazi.

Mke wangu aliporudi, nilimpokea kwa malalamiko kabla hajaweka mzigo chini. Akafunua. Nyuzi zilikuwa zimelala chini, zimefifia kama sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa mno. Nilipitisha mswaki mara moja, kioo kikang'aa. Samaki wote wawili walikuja mbele, wazima, wakitafuta chakula.

Mbelgiji alipofika, aliuliza nimefanyaje. Nikaegemea kiti.

"Giza," nikasema. "Siku tano, bila chakula. Ni jaribio langu."

Nyuma ya pazia la jikoni, mama mkwe, asiyejua Kifaransa, alimuuliza binti yake muzungu anasema nini.

"Anasifu bwana yangu, mama."

"Bon," akajibu. "Sasa munirudishie kikwembe yangu."

Ufunguo nilikaa nao miaka kumi na mmoja. Kila mwaka nilifunika chupa ya mwani kwa kitambaa mbele ya wanafunzi, nikaliita jaribio langu. Mama mkwe sikumwambia kitu, nikajisingizia buko: mtu haongei ovyo na mkwe wake. Siku tuliyomzika nilisimama kaburini, ufunguo mfukoni, mke wangu akilia kando yangu. Miaka yote ile ningeweza kumtuma yeye ampelekee mama yake shukrani.