Bangili ya Hussainali

Hussainali alikuwa muuza matairi, kwanza Moshi, baadaye Toronto, na maishani mwake alijiruhusu anasa moja tu: bustani ya michezo ya Kingsmere, si mbali na nyumba yake ya Vaughan. Kila mwaka alikata tiketi za msimu mzima: yake, ya mkewe Masuma na ya mwana wao Rameez. Kila mmoja alipewa bangili ya mpira yenye chipu ndani. Ukiigusisha kwenye nguzo ya langoni, taa inawaka na sauti ya mwanamke inakukaribisha kwa jina. Bangili hiyohiyo ilifungua chumba katika hoteli ya bustani, na ilikupitisha njia ya pembeni huku wengine wakichoka kwenye foleni. Hussainali aliifurahia njia hiyo ya pembeni kuliko mchezo wenyewe. Bangili aliivaa hata msikitini.

Alifariki ghafla mwezi wa Machi, tiketi za msimu mpya zikiwa zimeshanunuliwa. Masuma aligawa nguo zake, akahamisha kiti chake kutoka mezani. Mbele ya Rameez, ambaye alikuwa na nyumba yake mjini, alimtaja mumewe kama "baba yako". Baadaye hata hilo likakoma.

Kiangazi kilipofika, bustani pinzani ya Bluefern, kando ya ziwa, ikatangaza ofa. Mwenye bangili ya Kingsmere akiisalimisha atapewa ya kwao, pamoja na kulala hotelini bure na kuingia asubuhi kabla ya umma. Daulat, shoga yake Masuma, akampigia simu.

"Zipeleke, Masuma. Zimekaa bure tu humo ndani."

Masuma akafungua droo. Bangili yake ilikuwamo. Ya mumewe haikuwamo. Alikuwa bado ameinama pale simu yake ilipolia. Ujumbe ulitoka Kingsmere, ambako tiketi za familia ziliandikishwa kwa namba yake: *Hussainali, picha yako ya leo iko tayari.*

Aliketi kitandani kabla ya kuifungua. Picha ilionyesha ile treni ya mchezo inayopanda juu, hapo inapotumbukia, kiti cha mbele kabisa. Mtu mmoja, kofia imeshuka usoni, viganja vimefunika macho. Mabega yale aliyajua. Alikuwa ameyaosha mashati yake miaka yote ya ndoa.

Alichukua bangili yake, akawasha gari. Langoni aligusa nguzo.

"Karibu, Masuma," sauti ilisema. "Familia yako iko ndani tayari."

Akatembea moja kwa moja hadi kwenye treni. Mtu mwenye kofia alikuwa amekaa kwenye benchi, amempa mgongo. Masuma alisimama, hawezi kusogea wala kurudi. Kisha mtu yule akageuka, kumbe ni Rameez.

Kijana alificha mkono, akautoa tena, umevaa bangili ya baba yake.

"Niliichukua siku ile ya arobaini," alisema. Siku zote alimjibu mama yake kwa Kiingereza, lakini sasa alikuwa akiyatafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Nikigusa pale, wanasema jina lake. Kwako hakuna anayelisema, Mama."

Masuma akaketi. Kwa muda walisikiliza watu wakipiga mayowe huko juu.

"Nilikuwa nikiogopa nikilisema ataitika," alisema.

"Mimi nilikuwa nataka aitike."

Miaka yote Masuma ndiye aliyebaki chini na mikoba. Siku hiyo aliiomba ile bangili, akaivaa, ikamning'inia kwenye kifundo cha mkono. Kwenye nguzo ya njia ya pembeni aliigusisha mwenyewe. "Karibu, Hussainali." Akaitika kwa sauti ndogo, na mwanawe akamshika kiwiko wakapanda.

Hawakwenda Bluefern. Waliendelea kuja Kingsmere mpaka msimu ukafungwa, na njiani walimzungumzia kwa jina: ubishi wake, chai yake ya tangawizi, namna alivyokuwa akiimba vibaya. Mwaka uliofuata Masuma alikata tiketi mbili.

Siku ya kwanza waligusa nguzo, yeye kisha Rameez. "Karibu, Masuma. Karibu, Rameez." Taa ikazimika. Wote wawili walibaki wamesimama pale wakiitazama nguzo, mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa.